Kabla ya kushika kipaza sauti: mwongozo wa kueleza kipindupindu kwa watu wa kila namna

"Kipindupindu ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria aina ya Vibrio cholerae, nao huenea kwa njia ya maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye vimelea hivyo."

Sentensi hiyo haina kosa. Isome kwa kipaza sauti juu ya pikapu inayopita sokoni saa 4 asubuhi, kisha shuka umwulize mama lishe anayekoroga maharage: "Mama, tangazo limesema ufanye nini?" Atakwambia wamesema kuna kipindupindu. Basi. Na hilo alikuwa analijua tangu jana, kwa jirani.

Mwongozo huu ni wa yule anayepewa karatasi ya namna hiyo na kuambiwa "kawaelimishe wananchi": mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, mtangazaji wa redio, katibu wa msikiti, kijana anayesimamia kundi la WhatsApp la mtaa. Nimechagua kipindupindu kwa sababu hakikupi muda wa kujaribu-jaribu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya bara na Zanzibar na ukadumu zaidi ya miaka miwili. Wengi tulijifunza kazi hii humo, mara nyingi kwa kukosea. Hatua zenyewe zinafaa hata kwa presha, kisukari, chanjo au tahadhari ya mafuriko.

Hatua ya 1: Anza na kitendo

Chukua karatasi tupu, juu yake andika: "Akishanisikia, mtu huyu atafanya nini ambacho jana hakukifanya?" Jibu liwe kitu kinachoonekana kwa macho. "Kuzingatia usafi" hakuonekani. Hakuna awezaye kumpiga picha mtu akizingatia. "Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kukanda unga" kunaonekana. "Kuimarisha usalama wa maji" ni maneno ya semina, ila "kutia kidonge kwenye dumu na kusubiri nusu saa" mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuonyesha.

Kwa kipindupindu vitendo vinavyookoa ni vichache: kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, kunawa mikono baada ya choo na kabla ya kushika chakula, kula chakula kingali cha moto, kujisaidia chooni, na mtu akianza kuhara maji apewe ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa) pale pale huku akipelekwa kituoni. Usimtwishe mtu vyote vitano kwa siku moja. Atashika cha kwanza na cha mwisho, vya katikati vitabaki njiani.

Ukilazimika kuchagua kimoja tu, na ugonjwa umeshaingia mtaani, chagua hicho cha mwisho. Kipindupindu kikali kinaweza kumwua mtu ndani ya saa chache, lakini anayerudishiwa maji mapema karibu kila mara hupona. Kituo kinachofanya kazi vizuri hupoteza chini ya mgonjwa 1 katika 100. Tofauti ya kaburi na kitanda hapo ni saa mbili tatu, na saa hizo ziko mikononi mwa watu wa nyumbani, si mwa daktari.

Hatua ya 2: Lijue, tena uliamini

Utaulizwa: "Kwa nini sukari? Kwani mgonjwa anataka chai?" Usipokuwa na jibu, umekwisha.

Jibu ni hili. Mgonjwa hapotezi maji peke yake, anapoteza na chumvi. Utumbo wake uliozidiwa hauwezi kuyapokea maji matupu inavyotakiwa. Lakini chumvi na sukari zikifika pamoja kuna mlango unafunguka: sukari huishika chumvi mkono, zinaingia zote mbili, na maji yanazifuata nyuma. Kwa hiyo sukari haimo kwa ajili ya utamu. Ukiizidisha, badala ya kuingiza maji utayavuta yatoke, na kuhara kutaongezeka. Ukizidisha chumvi unaweza kumdhuru mtoto vibaya. Kumbe kipimo si urasimu wa hospitali.

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alijikuta katika kambi ya Bangaon dripu zikimwishia. Akachanganya maji, chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wenyewe wanyweshe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Ndugu hao hawakuwa wauguzi. Walionyeshwa, wakafanya.

Miaka michache baadaye shirika la BRAC, la hukohuko Bangladesh, likatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama. Kati ya 1980 na 1990 walifika nyumba zipatazo milioni 12. Hawakubeba vijiko wala mizani. Kipimo kilikuwa chumvi ya ncha za vidole vitatu na gao moja la sukari guru (ndiyo, "gur" yao na "guru" yetu ni neno moja, lilivuka bahari pamoja na bidhaa). Mwanzoni akina mama walijifunza vizuri, lakini wengi hawakutumia. Kuchunguza, ikaonekana baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini: wakihara wao, walinunua vidonge. Ilibidi warudishwe darasani waelezwe dawa hiyo inavyofanya kazi mwilini, ndipo sauti zao zikabadilika.

Jiulize na wewe. Mwanao akihara usiku huu, mkono wako utakwenda kwenye ORS au utakimbilia Flagyl? Kama ni Flagyl, usitoke kwanza. Watu husoma uso kabla ya kusikia maneno. (Na Flagyl si dawa ya kipindupindu.)

Hatua ya 3: Sikiliza mtaa unavyosema

Tenga nusu siku. Keti kijiweni kwa bodaboda, kwenye foleni ya kisima, kwa msusi. Usifundishe. Uliza mambo matatu: ugonjwa huu mnauitaje, unaletwa na nini, na mtu akiupata mnaanza na nini. Andika maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na yale ya kuchekesha.

Utagundua kuwa maneno ya kitabuni na ya uani hayakai nyumba moja. "Kuhara" kwa wengi ni neno la hospitali. Nyumbani mtu "anaendesha" au "tumbo limemchafuka". Ukisema "virusi", wapo watakaosikia UKIMWI hapo hapo, maana neno hilo limeishi kwenye mabango ya VVU kwa miaka mingi mno. Tena kipindupindu wala hakiletwi na virusi. Sema "vijidudu" uendelee na safari. "Homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni kuumwa kokote. Ukiwa Goma au Bukavu, "kolera" itafika upesi kuliko "kipindupindu". Na tusisahau somo la malaria: kampeni ziliimba malaria, malaria, huku sehemu nyingi za pwani mtoto akianza kukakamaa na kutupa mikono wazazi wanasema ni degedege, ugonjwa wa mganga, usiohusiana na mbu hata kidogo. Tangazo lilikuwa kweli tupu, ila halikuwahusu.

Neno lenye mtego kuliko yote ni "dawa". Kwetu dawa ni kidonge, ni mizizi, ni dawa ya meno, ni dawa ya viatu, ni dawa ya panya. Ukitangaza "kesho tutatia dawa kisimani", mtu aliyelala na hofu anasikia sumu. Kaskazini mwa Msumbiji mtego huo ulinasa watu kwa lugha nyingine: klorini kwa Kireno ni cloro, kipindupindu ni cólera. Masikioni mwa watu wa Nampula maneno hayo mawili yaligongana, na waliokuja kutia cloro majini wakadhaniwa ndio wanaoleta cólera. Watu wamepigwa, na wengine wameuawa, kwa dhana hiyo.

Kwa hiyo kitaje kitu kwa jina lake na kwa kazi yake, nacho kionekane. "Hiki ni kidonge cha klorini, cha kusafisha maji. Nakitia kwenye dumu hili, langu. Baada ya nusu saa nitakunywa mimi wa kwanza." Halafu unywe kweli, mbele yao, glasi nzima.

Hatua ya 4: Habari moja, masikio mengi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukata njia kwa kutoa nakala za karatasi moja. Kabla ya kuandika neno lolote jiulize kuhusu kila msikilizaji: anaogopa nini, ana uwezo gani, na nani anamwamuru. Ugonjwa ni uleule. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia.

Mama lishe anaogopa kufungiwa. Mlipuko ukitangazwa, vibanda ndivyo hukumbukwa kwanza, na mara nyingi anayekuja kumwambia ameongozana na mgambo. Wewe njoo peke yako, asubuhi kabla ya wateja, anzia kwenye biashara yake: "Dada, tunataka uendelee kuuza. Mteja akiona usalama haendi kwingine. Ndoo yenye koki na sabuni iweke mbele, wanapoingilia, isijifiche nyuma. Chakula kitoke kikiwa kinafuka. Maji ya kunywa yachemshwe, yakae kwenye jagi lenye mfuniko. Kachumbari ipumzike mpaka ugonjwa uishe." Bakteria hatujamtaja popote. Akiuliza, mweleze, wengi huuliza wakishaona hukuja kuwafunga.

Bodaboda hahitaji somo lolote refu. Anahitaji kujua kituo cha kutibia kipindupindu kiko wapi, njia ipi haina foleni, na kwamba baada ya kumbeba mgonjwa anawe na aoshe kiti kwa maji ya klorini. Mpe ramani kichwani mwake, mengine mwachie.

Mwenye duka la dawa muhimu ndiye daktari wa kwanza wa mtaa, upende usipende. Kwake zungumza kitaalamu kidogo, umheshimu: "Mteja akiomba dawa ya kufunga tumbo, mwulize amehara mara ngapi na kama ni maji matupu kama maji ya mchele. Kama ndivyo, mpe ORS, mwelekeze kituoni, usimwuzie cha kuzuia kuhara." Kumbuka anapoteza mauzo kwa kukusikiliza. Hakikisha basi ana ORS za kutosha rafuni, vinginevyo umempa ushauri usiotekelezeka.

Usimsahau mwenye nauli. Tunawafundisha akina mama, halafu saa 7 usiku anayeamua mtoto aende au asiende ni baba, au mama mkwe. BRAC nao waliliona: kazi ilisonga walipoanza kuongea na wanaume sokoni na misikitini. Kwa baba usianze na vijiko. Mwambie: "Mzee, ugonjwa huu hausubiri kukuche. Mtoto akihara maji mara ya pili, ya tatu, macho yakaanza kudidimia, toeni nauli usiku huohuo." Weka na hesabu yake, nauli ya bodaboda usiku kwa upande wako ni kiasi gani. Hiyo namba ataikumbuka.

Shekhe na mchungaji wanahitaji jambo ambalo sisi tunaogopa kulitaja, nalo ni maiti. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado una vijidudu, na mazishi yetu yana kuosha, kugusa, kisha kupika na kula pamoja. Nenda kwake kwa adabu, na swali, si agizo: "Shekhe, tunataka marehemu aoshwe kwa heshima na walio hai wabaki salama. Bwana afya anasema waoshaji wawe wachache, wavae glavu, watumie maji yenye klorini, na aliyeosha asiingie jikoni siku hiyo. Sheria inaturuhusuje?" Mwachie yeye atafute njia ndani ya elimu yake. Akiitangaza mwenyewe Ijumaa, imekwisha. Ukiitangaza wewe, umeingilia dini za watu.

Watoto wa shule hawataki karatasi wala hotuba. Mpake mmoja unga wa mkaa kiganjani bila wenzake kujua, waambie wasalimiane darasa zima, kisha wote waonyeshe mikono. Utasikia kelele mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Hapo ndipo unasema: "Mkaa tumeuona. Vijidudu havionekani." Na uwape kazi ya nyumbani, wamwonyeshe bibi namna ya kunawa.

Diwani na mkurugenzi wa halmashauri wana dakika tatu na bajeti. Kwao anza na mahali, halafu idadi, halafu unachotaka na mwisho wake lini. Mfano wa kubuni: "Wagonjwa 14 kwa siku 5, 11 kati yao wanachota kisima kimoja. Tunaomba kisima kifungwe kwa muda, gari la maji lije kila asubuhi kwa wiki 3, kuanzia kesho." Kisima kisipokuwa na mbadala usiombe kifungwe. Watu watachota usiku.

Mwandishi wa habari mpe sentensi moja anayoweza kuisoma kwa pumzi moja, na umweleze tofauti ya "anayeshukiwa" na "aliyethibitishwa na maabara". Namba hizo mbili zikichanganywa, leo redio itasema 60, kesho 22, na keshokutwa mtaa mzima utasema serikali inaficha.

Hatua ya 5: Kipimo, namba na saa

Sehemu hii inachosha kidogo, lakini ndiyo inayoua ikikosewa.

Usiseme "changanya na maji". Pakiti nyingi za ORS zinazopatikana kwetu ni za lita 1, soma iliyo mkononi mwako, kisha sema: "Pakiti yote, chupa moja ya maji safi ya lita moja." Asiye na chupa hiyo pimeni pamoja kwa kikombe chake, ajue ni vikombe vingapi vya kwake, kwa sababu cha jirani hakilingani. Pakiti ikikosekana kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila kijiko kisawazishwe juu kwa kisu, kisiwe na kilima. Onja kabla ya kumpa mtoto; yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Yaliyokaa zaidi ya saa 24 mwaga vilevile. Na hata akinywa hayo ya nyumbani, safari ya kituoni iko palepale.

Kiasi: kila akihara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, wa miaka 2 hadi 10 nusu hadi kikombe kizima, mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Akitapika msubiri dakika 10, kisha mwanze tena polepole, kijiko kwa kijiko. Jambo hili la kutapika litaje kila mara. Wazazi wengi huacha mtoto akishatapika mara moja, wakisema dawa imemkataa.

Vidonge vya klorini navyo havilingani: kuna cha dumu la lita 20, kuna cha chombo kidogo. Onyesha kile kilichogawiwa mtaani kwako, si picha ya intaneti.

Kuhusu asilimia, zigeuze watu. Badala ya "asilimia 0.8", sema "katika wagonjwa 1,000, wanafariki 8". Na jihadhari na "maradufu". Jana 2 na leo 4 ni maradufu, kweli, lakini neno hilo linakimbiza watu. Sema "jana 2, leo 4, wote wa mtaa mmoja", msikilizaji apime mwenyewe.

Halafu saa. Niliwahi kuona bango la chanjo limeandikwa "kuanzia 8:00". Akina mama wakaja saa nane mchana, jua la utosi, watoto mgongoni, na wahudumu wameshafunga masanduku yao. Nani alikosea? Kwa Mswahili 8 ni nane. Andika "saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana", na neno asubuhi au mchana lisikosekane hata nafasi ikiwa finyu. "Kutwa mara tatu" nayo ibadilishe kuwa "asubuhi, mchana na usiku". Zinki ya mtoto anayehara hupewa mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14, lakini siku ya tatu mtoto anacheza na kidonge kinasahauliwa kabatini. Mchoree mzazi visanduku 10 nyuma ya pakiti, akate kimoja kila siku. Kalamu hiyo inafanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Hatua ya 6: Acha kuuliza "umeelewa?"

Kwetu adabu inamtaka mtu aitikie. Mwulize bibi wa miaka 70 kama ameelewa, atasema "nimeelewa mwanangu", tena kwa kukuonea huruma jinsi ulivyotoka jasho. Mzigo ubebe wewe: "Bibi, sina hakika kama nimeeleza vizuri. Hebu nionyeshe ungemchanganyiaje mjukuu." Mpe chupa, kijiko, sukari ya kwake. Nyamaza. Usimsaidie mkono wake unapokwenda kwenye kijiko kikubwa. Huo mkono ndio unaokwambia ulipokosea.

BRAC walilifanya jambo hili kuwa mshahara. Wakaguzi walirudi baadaye kwenye baadhi ya nyumba, wakawauliza akina mama na kuwaomba wachanganye, na mwalimu akalipwa kulingana na walichokumbuka wanafunzi wake. Sisi tunalipana kwa idadi ya waliohudhuria, ndiyo maana tuna daftari nyingi za mahudhurio.

Huna fedha za utafiti? Watafute watu watano wasio ndugu zako wala watumishi wenzako. Wawili wakikwama mahali pamoja, badilisha maneno ya mahali hapo. Picha zijaribu vivyo hivyo: funika maandishi, uliza "unaona nini hapa?" Alama ya X juu ya kisima kwa mmoja ni "hatari", kwa mwingine ni "ndicho tulichochaguliwa", kama kwenye karatasi ya kura.

Hatua ya 7: Uvumi utakuja, ukaribishe mlangoni

Tarehe 7 Aprili 2024, boti ya uvuvi iliyojaa watu kuliko uwezo wake ilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji. Zaidi ya watu 90 walikufa, wengi wao watoto. Maofisa wa jimbo la Nampula walisema abiria walikuwa wakikimbia kwa hofu iliyotokana na habari za uongo kuhusu kipindupindu. Hakuna kijidudu kilichowaua watu wale.

Kwa hiyo uvumi ni sehemu ya ugonjwa, uufuatilie kama unavyofuatilia wagonjwa. Ukiusikia, usianze kwa kucheka wala kukana. Uliza: "Umeusikia wapi? Na wewe unaonaje?" Mara nyingi chini yake kuna jambo la kweli, mgonjwa aliyeingia kituoni akatembea na kutoka maiti, au kisima kilichofungwa bila maelezo. Lijibu hilo la chini.

Ukijibu hadharani, tangulia na ukweli, uvumi uutaje mara moja tu, tena kwa kifupi, kisha umalizie na ukweli. Ukisema "si kweli kwamba tunatia sumu, hatutii sumu, sumu hakuna", mtu atakwenda nyumbani na neno sumu. Na usilolijua liseme hivyo: "Tunajua kisima hiki kina vijidudu. Bado hatujajua vimetokea wapi. Kesho saa 10 jioni nitakuwa hapa chini ya mwembe nieleze tulipofika." Kesho saa 10 uwepo, hata kama huna jipya.

Sauti ya WhatsApp isizidi dakika moja, na ndani ya sauti yenyewe taja tarehe na mahali. "Leo Jumanne, tarehe fulani, mtaa fulani." Ujumbe usio na tarehe haufi. Utazunguka miaka mitano, utafika Muscat na London, na shangazi atapiga simu usiku wa manane kuuliza kama mko hai.

Liko na suala la aibu. Wapo wanaopenda kutangaza kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa wachafu, au kwamba ukiugua umekula kinyesi. Kisayansi hawako mbali na ukweli. Lakini mimi nimeona matokeo yake: familia inamficha mgonjwa chumba cha ndani, inafua mashuka usiku kisimani ili jirani asijue. Jirani anachota kisima hichohicho alfajiri. Sema "maji yamechafuka", usiseme "nyinyi ni wachafu".

Hatua ya 8: Ukikosea

Utakosea. Utataja kijiko kikubwa badala ya cha chai, au saa, au jina la mtaa. Usisahihishe kimyakimya kwa kutoa tangazo jipya na kutumaini la zamani litasahaulika. Mitaani yatakuwa mawili, na watu watafuata lililo rahisi. Sahihisho lipite njia ileile ya kosa, kwa sauti ileile, mara nyingi zaidi: "Jana nilisema kijiko cha mezani. Nilikosea. Ni kijiko cha chai." Waliopokea vipeperushi wafuatwe nyumba kwa nyumba. Bango lililokosewa libanduliwe, lisirekebishwe kwa kalamu, maana wino hufutika kwa mvua ya kwanza na kosa lililochapwa hubaki.